Mashine ya Marehemu Tihomir

Tihomir alikuwa na mke mmoja, mtoto mmoja na mashine moja, na katika hao watatu ni mashine peke yake ambayo hakuwahi kuifokea.

Ilikuwa mashine ya kuoshea kwa presha, nyekundu, yenye magurudumu mawili, mpira mrefu mweusi na bastola ya kushika mkononi inayotema maji kwa nguvu ya kubandua tope la miaka. Aliinunua miaka tisa iliyopita, akaiweka bandani juu ya kipande cha zulia na kuifunika kwa shuka la kitanda. Shuka hilo mkewe Ljubinka alilitafuta kabatini mwezi mzima, akafikia hadi kumshuku wifi yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mashine. Vladan, mtoto wao, aliigusa siku moja tu, akapewa hotuba ya nusu saa juu ya presha, umeme na ujinga wa watu wa mjini, na tangu siku hiyo akaona heri alipie gari lake lioshwe huko huko anakoishi, Kragujevac.

Mwezi wa Januari Tihomir akafa. Alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu ili aende kuwapa kuku chakula, na hakuinuka tena. Moyo ulikuwa umeshamwonya mara mbili, na daktari alimkataza chumvi, nyama ya mafuta na pombe. Chumvi aliiacha.

Basi majira ya kuchipua yakaja bila yeye. Ua wa zege kati ya nyumba na banda, ambao kila mwaka Tihomir aliuosha ukawa mweupe kama meza ya mwokaji, safari hii ulibaki na masizi ya mtambo wa kupikia pombe kali ya plamu iitwayo rakija, kinyesi cha kuku, na ukoga wa kijani ulioteremka hadi kwenye ngazi. Tarishi aliteleza hapo mwezi wa Machi, akakalia barua za kijiji kizima.

Ni Vladan aliyeyasema hayo kwenye simu, siku tano kabla ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba.

"Mama, mwaka huu siku ya mtakatifu wetu tuifanyie kwetu mjini. Una nyonga mbovu. Ngazi zinateleza. Watu wanakuja kutukumbuka, halafu wavunjike miguu?"

"Slava ya nyumba hii haijawahi kutoka nyumba hii," alisema Ljubinka.

"Nitakuja Jumamosi na boksi. Nitachukua ikoni, ile picha ya mtakatifu, na kile kishikio cha mshumaa. Mama, mimi siwezi kukuacha uteseke peke yako."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomwumiza mama yake zaidi. Ugomvi angeujibu. Ljubinka aliyajua mambo haya yanavyokwenda. Kaka yake naye alihamisha ikoni kwenda kwenye gorofa ya mwanawe Belgrade, kwa mwaka mmoja tu, walisema. Mwaka wa kumi na mmoja huu, na magugu yameota kwenye nyumba yake ya kijijini hadi kwenye vioo vya madirisha. Ikoni ikishatoka ukutani, nyumba inabaki kuta tu.

"Sikiliza," akasema. "Njoo Jumamosi. Ukikuta ua mchafu, chukua ikoni, nami nitakaa kimya. Ukikuta ni safi, slava inabaki hapa, na wewe utakuja kusimama mlangoni kupokea wageni kama alivyosimama baba yako."

"Na nani atakuoshea?"

"Hilo si lako."

Akakata simu, akatoka na ndoo na brashi. Alisugua saa nzima kwa magoti, na mwisho wa saa alikuwa amesafisha mahali pa kumtosha paka kulala. Akaangalia sehemu iliyobaki. Akaangalia mlango wa banda. Kisha akapiga moyo konde.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe mosi Mei, kijiji kizima kiko malishoni kinachoma nyama, na moshi wa sikukuu unapita juu ya mapaa. Ljubinka akavuta lile shuka, akaliangalia mauamaua yake, akasema, "Mwizi wewe," akaikokota mashine hadi uani. Akaunga mpira wa bustani, akachomeka waya, akaiacha bastola chini na kubonyeza swichi. Mashine ikanguruma kama mbwa aliyekanyagwa. Maji hata tone. Akaizima haraka, akarudi jikoni, akafunga na mlango kabisa. Baadaye aliona haya, maana hakuna aliyekuwa anamfukuza.

Alipotoka tena alimkuta Obrad uani, sahani ya nyama ya kuchoma mkono mmoja, sigara mkono wa pili. Obrad alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na rafiki wa marehemu tangu shule, mtu anayejua kutengeneza kila kitu kasoro vitu vya kwake.

"Mke wangu Persida kakutumia nyama, shemeji. Nimesikia mlio. Nikasema, mama wa watu kafufua mtambo wa Tihomir."

"Unanguruma tu. Maji hautoi."

"Hilo jepesi." Akaweka sahani kwenye ngazi, akaipiga mashine teke la kirafiki. Kisha akaiokota bastola, akaigeuzia mdomo wake usoni na kuanza kuchungulia tundu lake.

"Obrad! Unaangalia nini humo, sinema?"

"Naangalia kama pameziba."

"Igeuzie chini! Umemsahau Sreten wa kinuni? Alitaka kupima nguvu ya maji kwa kidole. Tundu dogo kama la sindano, akacheka, akaenda kula. Kesho yake mkono umevimba kama mkate, madaktari wakaupasua hadi kwenye kiwiko kuyafuata hayo maji yalikoingia."

Obrad akaiteremsha bastola polepole. "Wewe umejuaje yote hayo?"

Ljubinka alijiuliza mwenyewe. Ni kweli, alijuaje? Maneno yale yalikuwa ya Tihomir, yalisemwa mezani kila mwaka kwenye supu, na yeye kila mwaka aliyaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akihesabu vijiko. Kumbe yaliingia.

"Marehemu alikuwa anaanzaje?" akauliza Obrad. "Mimi nilikuwa namwona akishaanza."

"Sijui. Mimi nilikuwa jikoni, dirishani."

"Basi nenda dirishani."

Alisema kwa mzaha, lakini Ljubinka alishapanda ngazi. Akasimama kwenye sinki, pale pale aliposimama kwa miaka tisa akimenya viazi na kumkosoa mume wake, akafungua dirisha. Ua ulikuwa mbele yake mzima. Alihitaji mtu wa kumkosoa tu, na Obrad alikuwepo.

"Sogea kushoto," akaamuru. "Hapo penye bomba. Sasa chukua ile ekstensheni ya gurudumu, uvute waya wote mpaka mwisho. Wote! Alikuwa anautandaza ua mzima. Nami namwambia, unanitegea mtego nianguke urithi kuku?"

"Waya ukibaki umezungushwa unapata moto," alisema Obrad, akikuna kichwa. "Unaweza kuyeyuka. Alikuwa sahihi."

"Halafu viatu. Ile mibuti ya mpira iko nyuma ya mlango. Na miwani ya kuchomelea. Jua la mwezi wa tano, yeye kavaa kama anakwenda kuvua kambare. Nilimcheka mbele za watu."

Obrad akavaa buti, zikampwaya. Akavaa na miwani. Ljubinka akafumba macho kidogo, akamwona mume wake.

"Kisha?"

"Kisha aliinama kwenye mashine, pale mpira wa maji unapoingilia. Akachomoa kitu kidogo, akakiinua juani na kukitazama kama mtu anayepima yai. Nami namwuliza, kuna kifaranga?"

Obrad akafungua kiungio cha mpira, akaingiza vidole na kuchomoa kichujio kidogo, si kikubwa kuliko kizibo cha chupa. Kilikuwa kimejaa mchanga, kutu, na maiti ya buibui mmoja aliyejichagulia kaburi. Maji yangepita wapi hapo? Ljubinka akamrushia mswaki wa zamani kutoka dirishani. Obrad akasugua, akasuuza, akakirudisha.

"Sasa niwashe?"

"La! Hapo ndipo tulipogombana kila mwaka. Hakuwasha. Alifungua bomba, akashika bastola, akabana kifyatuo na kusimama. Maji yanachuruzika tu, mashine kimya, naye amesimama anavuta sigara. Hadi nusu ya sigara. Nami nampigia kelele: Tihomir, unaosha au unalinda mpaka?"

Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hayo na haikumpendeza. Miaka tisa alimwita mvivu kwa ile nusu sigara. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na yeye aliona ua mweupe tu, hakuona ulivyoundwa.

"Alikuwa anatoa hewa kwenye pampu," alisema Obrad kwa heshima. "Mimi yangu, kabla haijafa, nilikuwa nawasha tu. Njoo ushike wewe, shemeji. Mashine ni ya nyumba yako."

Ljubinka akashuka. Akavaa mabuti na miwani, akafungua bomba, akaelekeza bastola kwenye majani na kubana kifyatuo, umeme umezimwa. Kwanza ilikohoa. Ikatema hewa, ikatema povu, ikatulia, kisha ukaja mchirizi mwembamba, na pamoja na mchirizi ikaja harufu.

Obrad akainua pua kama mbwa wa kuwinda. "Shemeji. Hii ni plamu."

"Plamu gani?"

Akachovya kidole kwenye yale matone, akalamba, macho yakamtoka. "Plamu! Na si ya hovyo. Hii ni ile inayotoka kwanza kwenye mtambo, ile ya moto. Mashine yako imejaa rakija!"

Ljubinka aliachia kifyatuo. 

Mwezi wa Novemba mwaka uliopita, lita moja ya rakija kali ilipotea kabatini. Haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ile ya kwanza ya mtambo, aliyoiweka yeye mwenyewe kwa ajili ya kujichua nyonga. Aliikuta chupa tupu, na mume mwenye moyo mbovu amekaa jikoni anasoma gazeti.

"Iko wapi?" alimwuliza.

"Nimeipa mashine inywe," alijibu Tihomir bila kuinua macho. "Baridi inakuja."

Mashine inywe! Ljubinka aliona anafanywa mjinga na mlevi ndani ya jikoni lake mwenyewe. Alipiga kelele hadi kuku wakanyamaza. Alimpigia simu Vladan, na Vladan naye akamwambia baba yake kwamba mtu mzima hadanganyi kama mtoto. Tihomir alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimeshasema," akakata simu. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Siku tisa Ljubinka hakuongea naye, akimwekea sahani mezani kama anamwekea mpangaji. Siku tisa, kwa mtu ambaye hata miezi mitatu hakuwa nayo tena.

Sasa akakaa kwenye ngazi, kando ya sahani ya nyama, na kulia. Alilia wazi wazi, na Obrad akaona ni adabu kutazama viatu vyake.

"Obrad. Wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemshauri," alisema Obrad kwa unyonge. "Maji yakibaki kwenye pampu yanaganda, yanapasua chuma. Dukani wanauza dawa ya kuzuia kuganda, lakini nani anunue dawa na nyumba ina mtambo? Tukakubaliana kila mtu atie rakija kwenye yake. Sikujua ni ile ya nyonga yako, mbele ya Mungu. Wala sikujua kwamba mligombana. Yeye hakusema."

"Hakusema," alisema Ljubinka. "Na yako je? Mbona ilikufa?"

Obrad akakohoa. "Mimi niliona uchungu kuitupia mashine ile kali. Nikatia ile ya mwisho wa mtambo, nyepesi. Ile kali nikaipeleka... pengine."

"Tumboni."

"Tumboni. Ile nyepesi ikaganda mwezi wa pili, pampu ikapasuka kama njugu. Persida hajui sababu, na wewe hujaisikia."

Ljubinka alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni, na kicheko kilimwondolea kitu kizito kilichokaa kifuani tangu Januari. Akachukua chupa tupu ya jamu iliyokuwa dirishani, akakinga mchirizi uliobaki, akaifunga kwa kifuniko na kuiweka juu ya rafu. Kisha akabana kifyatuo tena na kuacha maji yapite mpaka harufu ikaisha.

"Sasa washa," akasema. "Na zima hiyo sigara kwanza. Mashine imelewa, usije ukaiwasha yenyewe."

Safari hii haikunguruma. Ilivuma sawasawa, na Ljubinka alipobana kifyatuo bastola ilimsukuma nyuma hatua nzima. Akaishika kwa mikono miwili, miguu ameipanua, ncha ameiweka ile ya maji bapa kama feni, mbali na zege kwa urefu wa mkono tangu kiwiko. Ukoga ukakimbia. Mstari mweupe ukatokea uani, upana wa kiganja, kisha upana wa mbao.

Raha ikadumu dakika tano. Maji yakaanza kudunda, nguvu inakuja inapotea, na chini ya mashine, pale mpira mweusi unapoungwa, kukawa na dimbwi.

"Nafungua nione," alisema Obrad, tayari ameshika kiungio.

"Ngoja! Kwanza muue nyoka."

"Nyoka yupi tena?"

"Nilimwambia hivyo Tihomir. Alikuwa anazima umeme, anafunga bomba, halafu bado anabana kifyatuo kuelekea chini. Nikamwambia, unaua nyoka aliyekwisha kufa?"

Akazima, akachomoa waya, akafunga bomba na kubana kifyatuo. Mashine iliyokuwa kimya kabisa ikatema mkuki mmoja wa maji uliochimba tundu kwenye tuta la vitunguu. Obrad akauangalia ule mkono wake aliokuwa ameushikiza pale pale kwenye kiungio, akauingiza mfukoni.

"Hakuwa amekufa," alisema.

Walipofungua walikuta pete ndogo ya mpira, ile inayozuia maji kwenye kiungio, imevimba na kulegea kama kipande cha mkate kwenye supu. Rakija ilikuwa imeiokoa pampu na kuila pete. Tihomir hakukosea kuogopa baridi. Alikosea kinywaji, kama wanavyokosea wanaume wote wa kijiji kile, wanaoamini kwamba rakija inatibu mafua, meno, madirisha machafu na sasa chuma.

"Kesho nitanunua nyingine," alisema Ljubinka.

"Kesho ni sikukuu pia. Maduka yanafunguliwa Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku ya Vladan na boksi lake. Ljubinka alihisi ua mzima unamtazama. Obrad akasimama, akaenda nyumbani kwake akiburuta viatu, akarudi na pampu yake iliyopasuka chini ya kwapa.

"Chuma kimekufa," alisema, "lakini pete ni nzima. Ile nyepesi haikuwa na nguvu hata ya kuidhuru pete."

Wakaichomoa, wakaipaka sabuni kidogo iteleze, wakaiweka. Ikakaa kama imezaliwa hapo. Ljubinka akafungua bomba, akasimama na bastola mkononi mashine ikiwa kimya, akasubiri. Hakuwa na sigara, kwa hiyo akasema sala ya Baba Yetu mara mbili taratibu, akaona inalingana.

Aliosha siku hiyo mpaka saa kumi na moja na Ijumaa kutwa. Alianza juu, kwenye ngazi, akateremka na mteremko mpaka kwenye mfereji. Mlango wa mbao hakuusogelea, wala soketi ya ukutani, wala kuku, ingawa jogoo alistahili. Nyonga ilimuuma, lakini yalikuwa maumivu ya kazi, na hayo mtu anaweza kulala nayo. Karibu na banda zikatokea nyayo za kuku zilizogandia kwenye zege tangu mwaka walipolimwaga, yeye na Tihomir wakiwa vijana na kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyeacha wazi banda la kuku. Alizisafisha nyayo hizo kwa uangalifu, moja moja. Alikuwa na furaha. Alishangaa kuikuta, akaiacha ikae.

Jumamosi asubuhi gari la Vladan likasimama mbele ya lango. Alishuka na boksi la kadibodi, amevaa malapa, akafungua lango na kuganda hapo hapo. Ua ulikuwa mweupe. Ngazi zilikuwa nyeupe. Mama yake alikuwa katikati, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, miwani ya kuchomelea machoni, anamalizia kona ya mwisho.

"Mama! Nani kakufundisha?"

"Baba yako. Kupitia dirishani."

Vladan akaweka boksi chini, akanyoosha mkono kuomba bastola, uso unamng'aa kama wakati ule wa miaka tisa iliyopita. "Hebu nijaribu kidogo."

"Na malapa hayo?" Ljubinka alipaza sauti hadi upande wa pili wa ukuta Persida akadondosha kitu. "Unataka vidole vyako vibaki kwenye mfereji? Viatu!"

Hotuba iliyofuata ilikuwa ya nusu saa, na Vladan aliisikiliza bila kukatiza, maana aliijua neno kwa neno. Alipokwisha kuvaa mabuti ya baba yake, Ljubinka akazima mashine, akamwua nyoka wake, akamletea ile chupa ya jamu.

"Nusa."

"Rakija," alisema Vladan. "Ya kazi gani asubuhi hii?"

"Imetoka kwenye pampu. Ilikuwa humo tangu Novemba, ili baridi isiipasue."

Vladan alinusa tena. Aliangalia chupa, akaangalia mashine, na Ljubinka akaona hesabu ikikamilika usoni mwake, kama ilivyokamilika kwake.

"Ile lita," alisema.

"Ile lita."

"Mimi nilimwambia mtu mzima hadanganyi. Ndilo neno langu la mwisho la maana kwake, mama. Baada ya hapo tuliongea hali ya hewa tu."

"Na mimi siku tisa sikumwambia hata la hali ya hewa. Alisema kweli, mwanangu. Alisema kweli mara moja, na sisi wawili tukamfanya mwongo. Hakuwa na haja ya kusema mara ya pili."

Walikaa kwenye ngazi, ambazo bado zilikuwa mbichi, wakalowa wote wawili. Vladan alishika mkono wa mama yake, na walikaa hivyo mpaka jogoo akaja kuona kama kuna cha kula. Kisha Vladan akainuka, akaenda uani, akaliokota boksi tupu na kulipeleka jikoni.

"Tutalihitaji Jumanne," alisema. "La kupelekea nyama na keki kwa watoto kule mjini. Na Novemba nitakuja mwenyewe kuifunga mashine kwa ajili ya baridi. Kwa dawa ya dukani."

"Na ya kwangu ya nyonga?"

"Ya nyonga ibaki kabatini."

Jumanne ikafika, siku ya Mtakatifu Joji. Hawakualika mtu, maana slava haina mwaliko, na wakaja watu arobaini. Hapakuwa na nyimbo, maana msiba haujatimiza mwaka, lakini kulikuwa na kondoo, mkate wa slava, na ngano ya kuchemsha iliyotiwa njugu na sukari. Ikoni ilikuwa ukutani pake. Vladan alisimama mlangoni tangu saa nne, akipokea na kumimina, hakukaa hata mara moja, kama inavyompasa mwenye nyumba. Ljubinka alizunguka akiwalinda wageni wasidondoshe makombo. Tarishi aliambiwa afute viatu mara mbili. Obrad alipewa kisahani cha kuwekea majivu ya sigara yake, akawa anatembea nacho kama mtu aliyepewa yai la kutunza.

Padri alipokwisha kukata mkate pamoja na Vladan, glasi zikajazwa, na watu wakatoka uani kwenye jua. Kwa desturi yao kila mmoja hudondosha matone mawili chini kwa ajili ya marehemu kabla ya kunywa. Siku hiyo kila mmoja alisita. Walitazama zege, wakamtazama Ljubinka, wakashikilia glasi zao sawasawa. Nani angethubutu?

Ljubinka akashuka ngazi na glasi yake, polepole kwa sababu ya nyonga, akaenda hadi katikati ya ua, pale Tihomir alipozoea kusimama na nusu ya sigara. Watu wakampisha, wakidhani ameona doa. Akainamisha glasi, akamimina yote.

"Hii si ya mashine, Tihomir," alisema. "Hii ni yako."

Zege likalowa mahali padogo pa kumtosha paka kulala. Vladan akashuka, akamimina yake pale pale, kisha Obrad, kisha tarishi, na Ljubinka hakumgombeza yeyote.